Je, Mfalme Harold alipigwa mshale jichoni?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mwanangu anasoma mwaka wa kwanza wa sekondari hapa Leicester. Alipewa picha ya kipande cha tarizi ya Bayeux, yaani kitambaa kirefu cha kale kilichotariziwa picha za Wanormani kutoka Ufaransa wakiiteka Uingereza, akaulizwa inatusaidia kiasi gani kujua jinsi Mfalme Harold wa Uingereza alivyouawa katika vita vya Hastings. Alijibu kwamba haifai kwa sababu imewaegemea washindi, akapata alama 2 kati ya 8. Mimi nilisoma Tanga kwa kukariri miaka na majina, kwa hiyo nashindwa kumsaidia. Amekosea wapi? – Mama wa mwanafunzi

JIBU: Marahaba, mama. Hakukosea kuona kwamba tarizi ina upande, maana kweli inao. Alikosea kuishia hapo. Sentensi hiyo nimekutana nayo katika madaftari mengi mno, na kila mara inaonyesha kwamba mwanafunzi ameacha kuitazama picha.

Kaeni nayo mezani, umwambie akuonyeshe kwa kidole Harold ni yupi. Atamwonyesha askari aliyeshika mshale karibu na jicho, kwa kuwa jina la mfalme limeandikwa juu ya kichwa chake. Lakini maneno ya Kilatini yanayosema “ameuawa” yako mbele kidogo, juu ya mtu mwingine anayeanguka huku akikatwa upanga na mpanda farasi. Je, Harold ni wa kwanza, ni wa pili, au ni mtu mmoja aliyechorwa mara mbili? Tena tarizi hiyo imewahi kukarabatiwa, na katika mchoro wake ulionakiliwa karne ya 18 kitu alichoshika yule askari kinafanana zaidi na mkuki, hakina manyoya ya mshale. Utenzi mmoja wa Kilatini wa zama zile, nao ukiwa wa upande wa Wanormani, unasema aliuawa na wapanda farasi wanne. Mwanafunzi anayelinganisha hayo ndiye anayepewa alama.

Na huo upande aliouona asiutupe, bali aubadilishie swali: William, kiongozi wa Wanormani aliyeshinda vita hivyo, alitaka watu waamini nini kuhusu haki yake ya kutawala Uingereza? Amtafute Harold katika sehemu ya mwanzo ya tarizi hiyohiyo, kabla ya vita vya tarehe 14 Oktoba 1066, akiwa amenyoosha mikono yote miwili, kila mmoja juu ya sanduku la masalia ya watakatifu, akimwapia William aliyeketi mbele yake.