Kabla ya Auto-Tune, mlipe mwalimu wa nyatiti

Msomaji wa Kondele, Kisumu, ameniuliza: ana akiba kidogo, anunue programu ya kunyoosha sauti au amlipe mwalimu wa nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo? Mlipe mwalimu, ndugu yangu.

Auto-Tune, programu yenyewe ya kunyoosha sauti, ilitoka mwaka 1997. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alitoka katika kazi ya kutafuta mafuta ardhini kwa mawimbi ya sauti. Kazi ya programu ni moja: hupima noti uliyoimba na kuivuta hadi noti iliyo karibu zaidi katika ufunguo uliochagua, yaani kundi la noti za wimbo wako. Sasa ukiteleza kupita nusu ya njia kati ya noti mbili, iliyo karibu si ile uliyokusudia, na programu itakupeleka huko huko. Ukiweka kasi ya kuvuta kuwa 0, inatoka sauti ya roboti.

Kwa nyatiti tatizo ni kubwa zaidi. Nyuzi zake 8 hukazwa kwa sikio, na mara nyingi haziangukii noti za kinanda. Mwimbaji anazifuata hizo nyuzi. Prodyuza akinyoosha sauti kwa vipimo vya kinanda, koo na nyuzi zinaanza kugombana, halafu mpigaji analaumiwa kwamba ala yake imeharibika. Hilo linaniuma. Zima ile hali ya programu kunyoosha yenyewe, urekebishe kwa mkono noti iliyoharibika tu.

Mdundo nao uheshimiwe. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, oduong'o, na kugonga nayo mti wa ala. Hapo ndipo wimbo wote umesimama. Ukipanga kila pigo kwenye mistari ya mdundo ya kompyuta kwa asilimia 100, wimbo unakufa. Mguu ukiyumba, rudia kurekodi.

Jifunze hivi: mguu peke yake kwanza, metronomu, kile kihesabu mdundo, ikiwa mapigo 60 kwa dakika, kisha nyuzi, kisha sauti. Ukianza kuimba mguu ukapotea, rudi nyuma hatua moja. Hapa simu inasaidia kweli: jirekodi kila siku, na mziki wa wazee upunguze hadi nusu ya kasi bila kushusha noti, usikie vidole vinapita wapi.

Siku ya studio, kipaza sauti kimoja kikae kama sentimita 30 kutoka kwenye ngozi ya nyatiti, kingine cha mwimbaji. Pima kwa pigo kali kuliko yote, lisizidi desibeli -6 kwenye kipimo cha kurekodi, kwa sababu pete hupasua ghafla na sauti iliyopasuka haitibiki. Pete ikifunika nyuzi, sogeza kipaza sauti badala ya kutegemea kuchuja baadaye. Studio yenye paa la mabati ipangie asubuhi, mvua isije ikaingia kwenye rekodi. Kisumu mvua hupenda kuja alasiri.

Akiba ikibaki, nunua nyuzi za nailoni za uvuvi. Zifunge siku moja kabla, maana nyuzi mpya hulegea, na uzikaze upya kabla ya kila kurekodi.