Ukienda Montevideo, asante yako iweke kwanza

Wiki yangu ya kwanza Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, nilidhani natengwa. Mwenyeji wangu, bibi mmoja mcheshi, alinipa mate. Usicheke, ndilo jina la kinywaji chenyewe: majani makavu ndani ya kibuyu kidogo, yanamiminiwa maji ya moto, unafyonza kwa mrija wa chuma. Na mrija ni mmoja, midomo sita, kwa hiyo jina halikukosea sana. Nikanywa, nikarudisha, nikasema "gracias". Kibuyu kikazunguka, kikanipita kama sipo. Kesho yake hivyo hivyo.

Mjukuu wake ndiye aliyeniokoa. Kumbe kwao ukisema asante umeshatosheka, usipewe tena. Sisi tuliolelewa kushukuru hata kwa kikombe cha maji tunanaswa hapo. Pokea, fyonza mpaka mrija ukorome, rudisha kimya. Asante iseme ukitaka kuacha. Mrija nao usiukoroge, aliyekuandalia atanuna.

Utawaona kila mahali, chupa ya chai kwapani na kibuyu mkononi, hasa jioni kwenye rambla, barabara ya ufukweni yenye kama kilomita 22. Maji yale ya kahawia ni ya Río de la Plata, ni mto, lakini mbele ya mwenyeji yaite bahari. Julai beba koti zito, upepo wa hapo hauna adabu. Ukila chivito, mkate wao uliojazwa nyama, usitafute mbuzi: jina ni la mwanambuzi, nyama ni ya ng'ombe.

Ila kama una siku moja tu, iwe Jumapili. Asubuhi nenda gulio la Tristán Narvaja na noti ndogondogo. Mboga, vitabu chakavu, vitasa visivyo na funguo. Nilimkuta mzee anauza kasha zima la rimoti za televisheni zilizokwishakufa, na wateja anao.

Jioni shuka Barrio Sur au Palermo, mtaa wa Isla de Flores. Usiulize saa. Tafuta moshi. Wapigaji huwasha makaratasi na maboksi kandokando ya barabara, wakazipanga ngoma kuuzunguka moto ili ngozi zikaze, kama wafanyavyo wazee wetu kabla ya kupiga. Hiyo ndiyo candombe, ngoma ya wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Ngoma ni tatu: chico ndogo isiyobadilisha mwendo, repique inayochokoza, na piano nene inayokuingia tumboni. Mkono mmoja mtupu, mwingine una fimbo. Mwaka 2009 UNESCO iliiweka kwenye orodha yake ya urithi, lakini miaka 31 kabla ya hapo, tarehe 3 Desemba 1978, utawala wa kijeshi ulikuwa umewatoa watu Medio Mundo, nyumba ya wapangaji iliyokuwa kitovu cha ngoma hizi, kisha ikabomolewa. Leo tarehe hiyo ni siku ya kitaifa ya candombe.

Kosa langu lilikuwa kutangulia mbele na simu kupiga picha. Mama mmoja alinishika bega akanisogeza pembeni, bila neno. Ngoma zinatembea, polepole sana, na mahali pako ni kando au nyuma, pamoja na watoto na mbwa. Vaa viatu vya chini.

Tega sikio pia kwa maneno. Vurugu wanaiita quilombo, kutoka Kimbundu cha Angola. Na siku bibi yule aliponionyesha shimo la maji shambani kwao akaliita cachimba, nilimwomba arudie. Asili yake ni Kimbundu vilevile, kixima. Nikamwambia kwetu ni kisima. Akalijaribu mara mbili tatu, kisha akamwita mjukuu wake aje asikie.