Profesa wa sheria na dola 10

Mdogo wangu, umeuliza yule profesa wa Marekani anayetetea maaskari wastaafu wanaodai mafao analipwa na nani. Mteja halipi: vyuo kadhaa vina kliniki ya sheria, yaani ofisi ya msaada wa sheria bure; wanafunzi wanaandaa dosiye, profesa anasimamia, chuo ndicho kinamlipa. Zamani ilikuwa kazi ya hasara. Tangu 1864 wakili hakuruhusiwa kudai zaidi ya dola 10, kesi nzima! Mwaka 1988 ndipo Bunge la Marekani lilipounda mahakama maalumu ya kupitia madai ya maaskari hao. Kinachosumbua zaidi ni kuthibitisha kwamba ugonjwa wa leo ulitokana na utumishi jeshini. Hapa Bukavu, muzee mmoja, jirani yangu mtaani Kadutu, anaficha karatasi zake za jeshi chini ya godoro. Panya wamekula pembe, muhuri bado unasomeka. Papa yako asitupe hata kipande.