Kusubu chubwi za risasi: kazi huamuliwa kabla moto haujawaka

Chubwi ni kipande kizito cha kuzamisha mshipi wa kuvulia au wavu, na kusubu ni kumimina metali iliyoyeyuka kwenye kalibu, yaani chombo kinachoipa umbo. Risasi, ile metali laini na nzito, huyeyuka kwenye nyuzijoto 327. Jiko la mkaa linafika hapo bila hata kupepewa, kwa hiyo kuyeyusha kwenyewe hakuhitaji fundi. Anayehitajika ni mtu anayejua ameweka nini ndani ya chungu, na kama kimekauka. Chubwi nyingi mbovu, na karibu kila ajali ya kusubu, chanzo chake ni kimoja kati ya hayo mawili.

Lakini kwanza, si kila chubwi lazima iwe ya risasi. Ukivua juu ya mwamba unaokula zana kila ukitupa, tumia plagi kuukuu ya gari, kipande cha nondo au jiwe, ufunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi, ili kikinasa ukatike ule tu. Ndani ya maji ya chumvi risasi hupungua uzito kwa asilimia 9, chuma asilimia 13, na saruji asilimia 43 hivi. Ndiyo maana chubwi ya saruji huonekana nzito mkononi, ikizama mkondo unaichezea. Risasi itunzie kimia cha kutupa, na mshipi wa kina kirefu wakati wa upepo wa kusi, ambako unataka uzito mwingi katika umbo dogo.

Vyuma chakavu vya kuchukua. Vizuri kuliko vyote ni mabati laini ya risasi yaliyotolewa kwenye mapaa na mabomba ya nyumba za zamani. Ganda la nyaya kuukuu za umeme wa ardhini nalo ni risasi laini, ila uliza limetoka wapi, maana biashara hiyo ina wizi mwingi. Vipande vya kubalansi magurudumu vina antimoni kidogo, metali inayovifanya vigumu; vinafaa, lakini siku hizi vingi ni vya zinki au chuma. Ulaya iliviondoa vya risasi kwenye magari mapya tangu 2005, na magari ya mtumba yanakuja na vyake. Angalia herufi zilizogongwa: Pb ni risasi, Zn ni zinki, Fe ni chuma. Kisicho na herufi kibane kwa koleo la kukatia waya. Risasi inakatika kama sabuni, zinki inakataa. Au kiangushe sakafuni: risasi inatoa mshindo mfu, zinki inalia.

Marisau, yaani punje ndogo za risasi za bunduki, yaliyookotwa kwenye viwanja vya shabaha, ambayo walioko Ulaya na Marekani huweza kuyapata, yana usumbufu wake. Huja na udongo, na mengi yamepakwa grafiti. Yaoshe, kisha yaanike kwa siku kadhaa yakiwa yametandazwa tabaka moja, kwa sababu maji hujificha katikati ya punje hata juu pakiwa pakavu. Chunguni yatakaa kama mchanga mweusi kwa muda, kila punje imeshikilia ngozi yake. Usiongeze moto. Koroga kwa chuma kikavu, tia nta, yataungana.

Betri ya gari iache kabisa. Sehemu kubwa ya kilichomo ndani yake ni uji wa oksidi na salfeti ambao hauyeyuki jikoni, kwa hiyo unapata risasi kidogo, tindikali na sumu nyingi. Mavi ya betri za kisasa, yaani taka zinazobaki baada ya kuziyeyusha, yakipata unyevu huweza kutoa gesi ya kuua. Thiaroye-sur-Mer, Senegali, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mapema 2008 kutokana na vumbi la betri zilizokuwa zikibomolewa mtaani. Mombasa wanaijua habari ya Owino Uhuru, mtaa uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, na ile kesi iliyowachukua wakazi miaka mingi mahakamani.

Chungu kiwe cha chuma. Sufuria ya alumini hulegea juu ya mkaa mkali na inaweza kutoboka kitako ikiwa imebeba kilo 5 za risasi ya moto. Kilo 5 hazijazi hata nusu lita, hivyo chungu kidogo chenye kitako kinene kinatosha. Chungu hicho, upawa wake na jiko lake visirudi tena kwenye chakula. Fanyia kazi nje, upepo ukitokea mgongoni mwako, watoto na wajawazito wakiwa mbali. Vaa viatu vya ngozi vilivyofunika mguu wote, suruali iliyoshuka juu ya kiatu, glavu za ngozi na miwani. Mvua ikinyesha ghafla, funika chungu kwa bati na uondoke.

Maji ndiyo yanayolipua. Tone likizama chini ya risasi ya moto hugeuka mvuke, linavimba zaidi ya mara 1,600, na kinachoruka ni risasi yenyewe. Kwa hiyo jaza chungu kikiwa baridi, ndipo uwashe moto. Ukitaka kuongeza, pasha kipande pembeni mwa jiko hadi kisishikike, kisha kiteremshe polepole kwa koleo. Upawa nao upashwe kwanza.

Chuma na zinki huelea, kwa kuwa risasi ni nzito kuliko zote mbili. Zinki huyeyuka kwenye 419, hivyo ukikaa kati ya 350 na 400 utaiona juu ikiwa bado ngumu, uitoe kwa kijiko chenye matundu. Ukizembea moto ukapanda, zinki inaingia ndani na risasi inakuwa kama uji wa shayiri: haijazi kalibu, na hakuna dawa ya jikoni. Kipimajoto cha kufika 500 kinalipa gharama yake. Usipokuwa nacho, tazama uso wa risasi safi: uking'aa kama fedha baada ya kupalaziwa, yaani kuondolewa taka za juu, uko sawa, ukigeuka haraka dhahabu kisha zambarau umezidisha.

Sasa tia nta ya mshumaa, kiasi cha punje ya njugu kwa kilo 5. Itatoa moshi na huenda ikawaka. Hiyo ni kawaida, ila usiinamie. Koroga ukikwangua kitako na kuta, kisha palaza ule unga wa kijivu. Ndio ulio hatari kuliko yote katika kazi hii, maana ni vumbi. Uweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko, uandike nje kilichomo, na uupeleke kwa wanaokusanya betri chakavu kwa kibali. Usiumwage karibu na kisima wala bustani.

Kalibu ya mbao ngumu, vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti, inafaa kwa kuanzia. Itaungua taratibu na umbo litapanuka. Ya alumini hudumu. Ya plasta ni rahisi lakini ndiyo inayodanganya zaidi. Changanya plasta gramu 1,000 na maji gramu 700, ianike wiki nzima, kisha iweke kwenye tanuri la nyuzi 120 ukiipima kwa mizani kila saa. Vipimo viwili vikilingana, imekauka. Mkono hauwezi kukuambia hilo.

Kukadiria uzito, zamisha kielelezo chako cha mbao au nta kwenye gilasi iliyojaa hadi ukingoni na upime maji yaliyomwagika kwa bomba la sindano. Zidisha mililita kwa 11.3, ndizo gramu za chubwi.

Fukiza kalibu kwa kibatari hadi ipate ngozi nyembamba ya masizi, ili chubwi isigande. Mdomo wa kumiminia uwe mpana, milimita 8 hadi 10, upande ulio mnene, na chora vijia vya hewa kwa ncha ya kisu. Kwa tundu la mshipi, pitisha spoki ya baiskeli iliyofukizwa nayo, uichomoe chubwi ikiwa bado ina joto. Mimina kwa mkondo mmoja bila kusita, uache mdomo umejaa, kwani risasi hujivuta ikipoa na itakunywa kutoka hapo.

Chubwi 3 au 4 za mwanzo zitatoka na makunyanzi kwa sababu kalibu bado baridi, zirudishe chunguni. Zikitoka zimechakaa kama zimenyunyiziwa chumvi, moto umezidi. Mapezi ya pembeni, yale mabamba membamba yaliyovuja kwenye maungio, yana maana kalibu haikubanwa. Shimo karibu na mdomo, uliacha kumimina mapema. Vitundu ndani, ama hewa haina njia ama kuna unyevu, na hapo simama kabisa, ukaushe kalibu upya.

Mapezi yakate kwa kisu, wala usitumie msasa unaotimua vumbi. Kingo za tundu zizungushie kwa mkono ncha ya keekee kubwa pande zote mbili hadi pawe laini, la sivyo zitakata mshipi wa nailoni samaki akiwa njiani kupanda. Nguo za kazi fua peke yake, nawa kwa sabuni hadi viwiko kabla ya kugusa chakula au sigara, na baharini usibane chubwi ndogo kwa meno. Koleo ni shilingi chache.