Anti, moyo unadunda na UE (mtihani wa mwisho wa semesta) ndo hiyo inakuja

SWALI: Shikamoo Anti. Nipo mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dodoma. Semesta iliyopita nilipata sapu mbili (mitihani ya kurudia), sasa naogopa disko, yaani kuondolewa chuo, kuliko kitu chochote, wiki ya tatu hii nakesha na desa (notsi za kusomea), na ili nisisinzie nakunywa enaji (vinywaji vya kuongeza nguvu), kopo moja saa 4 usiku lingine saa 8, asubuhi chapati moja na chai ya rangi basi mpaka jioni maana boom, hela ya mkopo wa chuo, limeshakata (nusu nilituma nyumbani, mama hajui kama lile ni la kula). Moyo unadunda kama nimekimbizwa na mbwa, mikono inatetemeka, nikikaa peke yangu nalia tu. Rumeti anasema nimerogwa. Au ni presha?
Mkesha, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la kurogwa tuliweke pembeni, kwanza tuhesabu makopo. Kopo dogo la mililita 250 mara nyingi lina kafeini kama miligramu 80, na kafeini inachukua kama saa 5 hivi kupungua nusu tu, kwa hiyo la saa 4 likifika saa 9 usiku nusu yake bado imo mwilini na wewe saa 8 umeshaongezea jingine, juu ya tumbo lenye chapati moja! Hapo moyo usidunde kwa nini? Na hilo desa unalolikesha, ubongo unalipanga ukiwa umelala, usipolala unamimina maji kwenye pakacha. Umri wako unahitaji saa 7 mpaka 9, najua utacheka, basi anza na 6.

Usiache makopo yote siku moja, kichwa kitakugonga. Ondoa la saa 8 kwanza, lile la saa 4 lihamie mchana. Chakula changeni na marumeti, maharage kilo na mchele sufuria moja, nyie watu wanne mnakula vizuri kuliko chipsi kavu ya kila mtu na kivyake. Presha kapime zahanati ya chuo, wakupime na wingi wa damu, ni dakika chache. Ukisikia kifua kinabana au ukazimia, siku hiyohiyo hospitali.

Kulia ndo kunanitia wasiwasi zaidi ya moyo. Kama imezidi wiki mbili, hamu ya vitu imekata, hilo siyo la enaji peke yake, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi, wengi mnadhani pale wanaitwa watukutu tu, hapana. Na likikujia wazo la kujidhuru usisubiri kesho, mwamshe huyo huyo rumeti akupeleke hospitali.

Mama mpigie leo, mwambie lile boom ni la kula, hatakasirika. Na kopo la saa 8 liache hukohuko kwenye friji la mangi.