Maswali na majibu: Priampu inasingiziwa

Tangu nigusie habari za priampu za kubebeka, vile visanduku vidogo vya kuchomekea maiki ukiwa nje ya studio, maswali hayajakatika. Nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha. Niseme mapema: karibu kila mlalamikaji anakilaumu kisanduku, na mara nyingi kosa limekaa mbele yake au nyuma yake.

Fundi, kamera yangu tayari ina tundu la maiki. Hicho kisanduku cha nini tena?

Kama unatumia maiki iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera na sauti inakuridhisha, huna haja nacho. Baki na hela yako.

Kwa wengine, hesabu iko hivi. Maiki ya dainamiki, ile ya koili isiyohitaji kuwashwa kwa umeme, ukiisemea kwa sauti ya kawaida kutoka sentimita 10 hutoa umeme usiofika hata milivolti moja. Vifaa vya kitaalamu vya kurekodi vinatarajia kupokea kama volti 1.23. Kutoka huku hadi kule ni kukuza mara elfu moja na zaidi, yaani desibeli 60 na ushee, na hiyo ndiyo kazi ya priampu. Kamera nayo inayo ya kwake ndani, la sivyo isingenasa kitu, ila mara nyingi ndicho kipuri kilichofikiriwa mwisho wakati kamera inaundwa. Ukiizungusha sana inaanza kuchemka kama sufuria. Kisanduku cha nje kinakupa geini (yaani ukuzaji huo) safi zaidi, tundu la XLR, lile la duara la pini tatu, linalojifunga ili waya usichomoke mtu akiupitia, na volti 48 za kuwasha maiki za kondensa, zile zisizofanya kazi bila umeme.

Natumia maiki ya dainamiki kwa podikasti. Sauti iko chini, nikipandisha geini nasikia "shhhh". Ninunue priampu bora?

Hili limeulizwa kuliko yote, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Hakuna priampu isiyo na kelele, na hata maiki yenyewe ina kelele. Joto la kawaida la chumba hutikisa elektroni ndani ya waya wake, na kwa maiki ya omu 150 mtikisiko huo hufika kama −131 dBu (desibeli za kupimia volti za sauti; kadiri namba inavyokuwa chini, ndivyo kelele inavyokuwa ndogo). Huo ni ukomo wa maumbile, si ubaya wa kiwanda. Sasa fungua karatasi ya vipimo ya priampu yako utafute herufi EIN, yaani kelele yake ikipimwa kwenye tundu la kuingizia. Ikiwa pameandikwa −128, umebakiza desibeli 3 tu kufika mahali ambapo hakuna fundi awezaye kupita. Ukinunua ya bei mara tano, hizo 3 ndizo unazozigombania.

Upande wa pili, ukiusogeza mdomo karibu na maiki hadi nusu ya umbali wa mwanzo, sauti yako inapanda takriban desibeli 6. Ulikuwa sentimita 40, njoo 20: umepata 6. Njoo 10: umepata 12. Bure kabisa. Na ile shhhh, pamoja na mwangwi wa chumba na feni ya kompyuta, vinabaki palepale vilipokuwa huku wewe umepanda juu yake. Watu wanaweka maiki katikati ya meza kama chombo cha maua, halafu wanaandika barua kulaumu priampu.

Njoo karibu, lakini usiipulizie. Ielekeze pembeni kidogo ya mdomo, ili upepo wa "pa" na "ba" upite kando.

Ukishafanya hayo na bado geini imefika mwisho, hapo ndipo vile viongeza nguvu vidogo vinavyokaa kwenye waya vina maana. Huongeza kama desibeli 20 hadi 27, na hula volti 48 kutoka kwenye priampu. Vingi havipitishi volti hizo kwenda kwa maiki, hivyo usiviweke mbele ya kondensa ukashangaa imekufa. Na kama priampu yako ina geini tulivu ya kutosha, kiongeza nguvu hakitakusaidia chochote cha kusikika.

Kitufe cha 48V kinanitisha. Nikikosea nitaunguza maiki?

Mara nyingi hapana, na sababu yake ni nzuri kuijua. Volti 48 hupelekwa kwenye pini ya 2 na pini ya 3 kwa usawa, kila moja kupitia kinzani cha omu 6,800. Koili ya maiki ya dainamiki imekaa kati ya pini hizo mbili. Huku 48, kule 48: hakuna tofauti, hakuna mkondo unaopita, koili haijui hata kama kuna umeme. Ndiyo maana ukaitwa umeme wa fantomu, upo na haupo.

Namba 48 yenyewe ina kisa chake. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilikuwa inawatengenezea maiki watangazaji wa Norway, na studio zao tayari zilikuwa na volti 48 kwa ajili ya taa za dharura. Zikatumika hizo, na dunia nzima ikafuata taa za Norway.

Hatari zipo tatu. Ya kwanza ni waya mbovu, ambao pini moja imegusana na ngao (kile kifuniko cha chuma kinachozunguka nyaya za ndani): usawa unavunjika na umeme unapita kwenye koili. Ya pili ni maiki za riboni za zamani, ambazo kile kikaratasi chake cha alumini kinaweza kunyooka kwa mshtuko mmoja. Kwa hizo zima 48V kabisa. Ya tatu, na inayowapata wengi, ni maiki ya kubana kwenye kola yenye jeki ndogo ya milimita 3.5. Hiyo inataka volti chache tu, kati ya 2 na 5. Ukitaka kuitumia kwenye XLR, tafuta adapta yenye saketi ya kushusha volti ndani yake. Ile ya kubadilisha umbo la tundu peke yake haitoshi.

Utaratibu wangu: nashusha geini, nachomeka maiki, nawasha 48V, nangoja sekunde kadhaa, ndipo napandisha. Kuchomoa ni kinyumenyume, na baada ya kuzima 48V nahesabu hadi 30 kwanza. Aliyevaa hedifoni atakushukuru, maana ule mlio wa "PAA" unaingia hadi kwenye meno.

Geini niiweke wapi hasa?

Vilele vya sauti vicheze karibu na desibeli −12 kwenye mita ya kinasa sauti, na mazungumzo ya kawaida yawe chini ya hapo, kama −18 hadi −20. Sifuri ni ukuta. Kwenye tepu za zamani ukuta ulikuwa wa godoro. Kwenye dijitali ni zege.

Wengi bado wanarekodi karibu na sifuri wakiogopa kelele, tabia iliyorithiwa kutoka enzi za biti 16 na desibeli zake 96. Ukirekodi kwa biti 24 una nafasi ya kinadharia ya desibeli 144. Usiwe bahili, acha hewa juu.

Namba si ngumu. Kazi ni kumfanya mtu atoe sauti yake ya kweli wakati wa kupima. Niliwahi kumrekodi mzee mmoja, nikamwomba aseme "moja, mbili, tatu". Akasema kwa adabu, polepole, kama anasoma risiti. Nikaweka geini, nikaridhika. Dakika ya tano akakumbuka ujana wake, akapiga meza na kucheka. Kicheko chote kikapasuka, na ndicho kilichokuwa roho ya mazungumzo yale. Siku hizi sipimi kwa kuhesabu. Namuuliza mtu jambo analolipenda au linalomkera, namwacha apambe moto, ndipo nazungusha geini huku naangalia mita, kisha nashusha kidogo zaidi kwa tahadhari. Kama kisanduku kina limita, kile kizuizi cha sauti inayozidi, iwashe, lakini ichukulie kama mkanda wa gari: ni ya ajali, si ya kuendeshea.

Nimeunganisha priampu na kamera. Kwenye hedifoni nasikia, lakini nikiicheza video kwenye simu sauti ya mtu inapotea! Ni uchawi?

Ni waya. Na pole, maana hili huonekana kazi ikiwa imekwisha.

Tundu la kutolea sauti kwenye priampu nyingi hubeba ishara moja mara mbili: nakala moja wima, nyingine imepinduliwa. Kifaa kinachoelewa mfumo huo huzitoa tofauti, na kelele zilizoingia njiani hufutana. Kamera yako haielewi hivyo. Tundu lake dogo ni la stereo, kwa hiyo nakala ya wima ikaingia kushoto na iliyopinduliwa ikaingia kulia. Kwenye hedifoni kila sikio linapata yake, ingawa ukisikiliza vizuri utahisi sauti haina kitovu, kama inatoka nyuma ya kisogo. Simu yenye spika moja huchanganya kushoto na kulia: moja jumlisha hasi moja, sifuri.

Video uliyokwisha kupiga inaokoleka. Kwenye programu ya kuhariri, futa chaneli ya kulia, kisha nakili ya kushoto pande zote mbili. Dakika mbili, umemaliza.

Kwa siku zijazo, kama priampu yako ina tundu la stereo la milimita 3.5 lililokusudiwa kamera, tumia hilo. Kama haina, tafuta waya ambao pini ya 2 inakwenda kwenye ncha na kwenye pete ya jeki kwa pamoja, na pini ya 1 kwenye shina. Pini ya 3 fuata kitabu cha kifaa, maana baadhi ya priampu hutaka iachwe ikielea na nyingine hutaka iungane na ngao.

Ukiwa hapohapo ingia kwenye menyu ya kamera, zima upandishaji sauti wa kiotomatiki, kisha ushushe kiwango cha kurekodi hadi karibu na chini kabisa. Kazi ya kukuza iachie priampu. Ule mfumo wa kiotomatiki ndio unaoleta lile wimbi la kelele linalopanda kila mtu anaponyamaza na kuzama anapoanza kusema.

Nasikia mlio wa "ti-ti-ti-trrr" katikati ya rekodi. Kifaa kimeharibika?

Kikulacho ki nguoni mwako. Ni simu iliyo mfukoni mwako, au ya mgeni wako. Inapowasiliana na mnara kwa mfumo wa 2G, redio yake huwaka na kuzima mara 217 kwa sekunde, na waya wa maiki unaidaka kama antena. Hali ya ndege, au simu iwekwe mbali. Waya mrefu usio na ngao nzuri huzidisha tatizo.

Mvumo mzito usiokatika, "mmmm", ni kitu kingine: ni umeme wa ukutani, hezi 50 au 60 kutegemea nchi. Chomoa chaja ya kompyuta mpakato usikie. Ukikoma, umeshampata mwizi. Rekodi kwa betri.

Betri zinaisha haraka mno, hata saa nne hazifiki.

Angalia kwanza kama 48V imewashwa bila sababu. Maiki mbili za kondensa zinazovuta miliampia 5 kila moja kwenye volti 48 zinakula karibu nusu wati, na hapo sijahesabu kinachopotea wakati kisanduku kinazipandisha volti chache za betri hadi 48. Betri mbili za AA za kuchaji, za miliampia-saa 2,000, zina kama wati-saa 5 zote kwa jumla, na kisanduku chenyewe nacho kinataka kula.

Betri za kuchaji ni volti 1.2, za kawaida ni 1.5. Kama kifaa kina menyu ya kuchagua aina ya betri, chagua sahihi, la sivyo kipimo kitakudanganya. Pawabenki ni msaada mkubwa, ila baadhi hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo mno. Ijaribu nyumbani kwa saa nzima kabla hujaiamini kazini.

Kuna vinasa sauti vya biti 32 za floti. Navyo vinahitaji geini?

Faili lake halipasuki kirahisi, ni kweli. Unaweza kushusha baadaye na sauti ikarudi nzima. Lakini floti, ule uandishi wa namba wenye nafasi kubwa mno, inahusu sauti ikishageuzwa kuwa namba ndani ya kinasa, si kabla ya hapo. Ukiwa umeweka priampu yako ya nje mbele ya kinasa hicho na ikapasua sauti, kinasa kitaihifadhi ile mipasuko kwa uaminifu mkubwa. Maiki nayo ina kikomo chake cha ukubwa wa sauti inayoweza kubeba.

Ile alama ya mstari unaoinama kushoto, niwashe?

Kwa sauti ya mtu, ndiyo. Inakata mingurumo ya chini, kwa kawaida kuanzia hezi 80 au 100 kushuka: nyayo, upepo, gari linalopita, mkono unaoshika maiki. Kwa ngoma au gitaa la besi, zima.