Mwanangu, Taja Kiasi

Mama yangu,

Nakuita hivyo kwa kuwa umebeba jina la bibi yako, na ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeniuliza, "Baba, hivi Mungu bado ana kazi na mtu kama mimi, au ndiyo basi tena?" Kuku 300 wamekwisha kwa kideri, mkopo wa kikoba hujarudisha hata nusu, na wenzako watatu waliokudhamini sasa wanadaiwa wao. Ukasema na lile gumu zaidi, kwamba chanjo ya marudio uliiruka kwa kujua, ili ile hela inunue chakula. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ningekubembeleza tu, na wewe hukuomba kubembelezwa.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Mwaka 1997, wewe ukiwa bado unatambaa, nilikuwa mtunza hazina wa kwaya hapa usharikani. Tulikuwa tunachangishana kununua kinanda. Mahindi yalikuwa na bei nzuri mjini, nikajiambia fedha ya kwaya nitaizungusha mara moja tu, niirudishe kabla ya Krismasi, faida ibaki kwangu. Nikazunguka vijijini nikanunua magunia, nikapakia lori. Ndipo zikaja zile mvua za El Niño. Lori lilikwama kwenye tope siku tisa, na turubai lilikuwa na matundu. Tulipoyashusha magunia yalikuwa yamevimba. Niliingiza mkono katikati ya gunia moja nikakuta joto, kama mtu aliyechovya mkono kwenye uji. Mahindi yalikuwa yameshaanza kuota. Harufu ile ninayo mpaka leo.

Miezi mitatu nikadanganya. Leo fedha iko benki, kesho daftari nimelisahau shambani. Jumapili nilisimama kwenye safu ya besi nikaimba. Nilisali pia, tena sana: "Bwana, nisamehe yote niliyokukosea." Na niliinuka nikiwa vilevile nilivyopiga magoti.

Jioni moja akaja mzee mmoja wa kanisa. Hakufungua Biblia. Alikaa kwenye kigoda pale jikoni, mama yako akampa chai, akaniuliza, "Ni kiasi gani?" Nikaanza kumweleza habari za mvua. Alininyamazia mpaka nikamaliza. "Ni kiasi gani, ndugu yangu?" Nikasema: shilingi 186,400. Mama yako alikuwa hajui. Kikombe chake alikiweka chini taratibu, bila neno, nami nikalia mbele ya mgeni.

Naamini ile ndiyo ilikuwa sala yangu ya kwanza ya kweli baada ya miezi yote ile. Nilikuwa nikimletea Mungu "yote niliyokosea," furushi ambalo hata mimi mwenyewe sikutaka kulifungua.

Sikuachiwa hivihivi. Nilitengwa miezi sita, nikabaki benchi la nyuma wenzangu wakienda Mezani pa Bwana. Nililipa kwa kahawa ya misimu miwili. Siku ya kurudi kundini nilipiga magoti mbele ya usharika mzima, na yule mzee alikuja akasimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu. Hazina sikurudishiwa, wala sikuiomba. Tangu hapo fedha ya watu siishiki peke yangu, hata ikiwa ya rambirambi.

Ndiyo maana katika Matendo ya Mitume nampenda Yohana Marko kuliko wengi wanaosifiwa. Aliwaacha Paulo na Barnaba kule Perge ya Pamfilia, kazi ikiwa mbichi, akarudi zake Yerusalemu. Kwa nini, Biblia haisemi. Safari ya pili Paulo akakataa katakata kwenda naye, wakagombana na Barnaba hata wakaachana njia. Barnaba akamchukua Marko, wakapanda merikebu kwenda Kipro. Jambo linalonigusa ni kwamba Paulo mwenyewe, zamani zile wanafunzi wa Yerusalemu walipokuwa wanamwogopa, ni Barnaba huyuhuyu aliyemtwaa akampeleka kwa mitume. Miaka ikapita. Paulo yuko kifungoni, anamwandikia Timotheo amlete Marko, maana anamfaa kwa utumishi. Mtu yuleyule aliyekataliwa! Huko Kipro alifanya nini sijui, lakini najua hakwenda peke yake.

Wapo watakaokuambia Mungu amewaua kuku wako ili akupe mara mbili. Usiwasikilize, mwanangu. Wengine watakuambia ni shetani, au jirani mwenye kijicho. Nao uwaache. Wewe uliiruka chanjo, ukayaweka rehani majina ya wenzako, na Kristo aliyekufa kwa ajili yako analijua hilo kwa hesabu yake kamili. Alilijua kabla hujanirekodia ule ujumbe. Hapo ndipo tumaini langu juu yako linaposimama: huna cha kumficha, kwa hiyo huna cha kuogopa asije akakigundua baadaye akakuacha.

Kazi anayo na wewe. Ya kwanza ni hao watatu. Usiwakimbie, usizime simu, usihame njia ukimwona mmoja wao sokoni. Kila mmoja mwambie kiasi chake, na mwezi gani utaanza kumlipa, hata kama ni kidogo kidogo.

Alhamisi napanda basi la alfajiri hapa Vwawa, usiku nitashuka stendi ya Mbezi. Mama yako amefunga kilo kadhaa za maharage, moja kwa kila mdhamini, anasema hatuendi kwa watu mikono mitupu. Tafuta daftari na kalamu. Ijumaa jioni, ukitoka kazini, tutaanza na yule anayekaa karibu, na wewe ndiye utakayeanza kuongea. Mimi nitakaa hapo pembeni yako.

Baba yako